"Siogopi tena kichwa kikiuma, naogopa siku kisipouma"

Swali la msomaji:

"Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 31, naishi Masasi, ni fundi cherehani. Kipandauso ninacho toka nipo sekondari, ila zamani kilikuja mara moja au mbili kwa mwezi. Huu ni mwaka wa pili siku za kuuma ni nyingi kuliko za kutouma. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinadunda, mwanga sitaki, na mlio wa cherehani yangu mwenyewe unanitapisha. Nameza panado na diklofenaki karibu kila siku ndo nisimame. Malaria nimepima sijui mara ngapi, macho nimepima, mama mkwe akanipeleka kwa mtaalamu upande wa Newala nikaambiwa kuna kitu kimetumwa, nikachanjwa chale kwenye paji la uso. Mume wangu si mtu mbaya ila amechoka, anasema naendekeza mawazo. Na mimi nimegundua kweli nikinuna leo, kesho lazima kichwa. Mwanangu wa miaka sita akinikuta nimelala ananyata. Mwaka jana wali walipokuwa wanatoka unyago nilichelewesha nguo za watu, mama mmoja akanisema vibaya sokoni mbele za watu. Sasa hivi kinachonitesa zaidi sio maumivu yenyewe, ni kwamba hata siku nikiwa mzima siwezi kufurahi, nakaa nakisubiri tu. Shughuli siendi, kikoba nimeacha. Kuna usiku nilitamani nisiamke. Je, ni kweli ni mawazo? Na niache kushona?"

Jibu:

Marahaba dada. Meseji yako nimeisoma mara tatu, na kabla sijagusa kichwa nataka nianze na ile sentensi ya karibu na mwisho uliyoipitisha haraka kama vile hutaki mtu aione, kwamba kuna usiku ulitamani usiamke. Asante kwa kuiandika. Miaka niliyokaa na wagonjwa wa maumivu ya muda mrefu huku kusini maneno hayo nimeyasikia sana, na wengi wanaoyasema hawataki kufa, wamechoka tu na wanataka yaishe. Ila mimi sikuoni usoni, kwa hiyo nakuuliza wazi: ni uchovu ndo uliosema vile, au umeshaanza kuwaza utafanya nini na lini? Kama ni hilo la pili, au likikujia siku yoyote ile, usiendelee kusoma, mwambie mtu mmoja unayemwamini saa hiyohiyo, vidonge vyote vya ndani mkabidhi yeye, na muende hospitali ya Mkomaindo hapo Masasi hata kama ni usiku wa manane. Na mkifika usiseme "kichwa kinauma" peke yake, maana utapewa sindano urudi nyumbani. Sema maneno yaleyale uliyoniandikia mimi.

Sasa tuje kwenye swali lako, ni mawazo au siyo mawazo. Mume wako anaposema mawazo anamaanisha kwamba ungeamua kuyaacha na kichwa kingeacha. Hapana. Kipandauso ni ugonjwa wa ubongo na mishipa ya fahamu, unarithiwa kwenye familia (hebu muulize mama au shangazi yako, mara nyingi kuna mtu ukoo mzima unamjua kama "yule wa kichwa"), unawapata wanawake karibu mara tatu kuliko wanaume, na una jina lake, una dalili zake, una matibabu yake. Kichwa kikiuma siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, na angalau siku nane kati ya hizo kikawa na sura ya kipandauso, yaani kudunda, kichefuchefu, kuchukia mwanga na kelele, hapo madaktari wanasema kimeshakuwa sugu. Kwa maelezo yako inaelekea uko hapo, na daktari atakayekupima ndo atathibitisha.

Nikueleze kinachotokea ndani. Unajua yale madungu wanayojenga watu mashambani, mtu anapanda juu kulinda nguruwe na nyani wasile mazao, akiona kitu anapiga debe kijiji kizima kiamke. Ubongo wenye kipandauso una mlinzi mwenye usikivu mkali mno. Jani likitikisika anapiga debe. Usingizi ukipungua, chakula kikichelewa, jua la Oktoba, siku zako zikikaribia na homoni ikishuka ghafla, harufu kali, kwa mwingine hata hivi ni vitu vidogo lakini kwako ni nguruwe kaingia shamba. Mshipa mkubwa wa fahamu unaohudumia uso na ngozi laini inayofunika ubongo unawashwa, unamwaga kemikali (mojawapo inaitwa CGRP) zinazotanua mishipa ya damu na kuufanya kila mpigo wa moyo uusikie kama nyundo. Ndo ule mdundo nyuma ya jicho. Bila dawa, shambulio moja linaweza kwenda saa 4 mpaka saa 72, na likiisha unabaki kama mtu aliyepigwa, kichwa kizito, akili haishiki, siku nzima imepotea juu ya zile zilizopotea.

Na hapa nataka urudishe hukumu moja uliyojihukumu. Umesema ukinuna leo, kesho kichwa, kwa hiyo umeamini kununa kwako ndo kunaleta. Kwa watu wengi mambo yapo kinyume chake. Kipandauso hakianzi siku kinapouma, kinaanza saa kadhaa nyuma, wakati mwingine hata siku mbili kabla, na dalili zake za mwanzo ni kupiga miayo hovyo, kutamani vitu vitamu, shingo kukaza, na kununa au kuwa na huzuni isiyo na sababu. Yaani ule mnuno mara nyingi ni shambulio lenyewe limeshaingia mlangoni. Sisemi hasira na stresi havichochei, vinachochea kweli, ila hukosi siku za uzima kwa sababu una moyo mbaya. Umejilaumu bure kwa muda mrefu na ningependa uache leo.

Lakini pia sitakudanganya kwamba moyo haumo kabisa. Umo, ila kwa njia nyingine. Watu wenye kipandauso sugu wanapata sonona na wasiwasi kwa kiasi kikubwa kuliko watu wengine, zaidi ya mara mbili, na sababu siyo udhaifu. Sehemu za ubongo zinazopima maumivu na zile zinazobeba huzuni na hofu zinashirikiana, zinatumia hata kemikali zilezile. Maumivu yanashusha moyo, moyo ukishuka usingizi unaharibika, usingizi ukiharibika mlinzi wa dungu anazidi kuwa mkali, maumivu yanarudi. Ukiuliza kipi kilitangulia utakesha. Cha kushukuru ni kwamba ukishika sehemu yoyote ya huo mzunguko, zile nyingine nazo zinalegea.

Hiyo hofu ya siku nzuri uliyoieleza, "nakaa nakisubiri tu", nimeiweka kwenye kichwa cha habari makusudi kwa sababu watu hawaisemi na madaktari hatuiulizi. Tunauliza siku ngapi kimeuma, hatuulizi siku zisizouma umeishije. Kwa hesabu yako pengine una siku kumi nzima kwa mwezi. Ugonjwa umekunyang'anya ishirini, halafu hofu imekunyang'anya kumi zilizobaki, na hizo kumi ndo zinazoweza kurudi mapema kuliko zote, kabla hata dawa haijaanza kufanya kazi. Nitarudi hapo. Kwanza vidonge.

Dada, panado na diklofenaki karibu kila siku, hapo ndo pana moto. Sikukaripii, kila mtu angefanya hivyo, dukani vinauzwa kama pipi na wewe una nguo za watu. Ila dawa za maumivu zikitumika mara nyingi zenyewe zinageuka chanzo cha kichwa. Kipimo chake ni hiki: panado peke yake au diklofenaki au ibuprofeni peke yake, siku 15 au zaidi kwa mwezi, ukizichanganya, au ukitumia tramado (dawa ya maumivu iliyo kali zaidi) na jamii yake, siku 10 tu zinatosha. Ikienda hivyo miezi mitatu, ubongo unazoea, dawa ikiisha mwilini mlinzi anapiga debe akidai nyingine. Unameza ili kichwa kipoe, kumbe unalipia kichwa cha kesho. Na diklofenaki ya kila siku inaumiza tumbo na figo pia, hilo usilisahau.

Kuacha kunawezekana ila kuna gharama yake na ni bora uijue mapema usije ukakata tamaa katikati. Siku chache za kwanza, wiki hivi au siku kumi, kichwa kinakuwa kibaya zaidi kuliko sasa. Watu wengi wanarudi kwenye vidonge hapohapo wakidhani wamekosea. Ukivuka, kwa wengi ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi miwili siku za maumivu zinapungua kwa kuonekana, na dawa ambazo zilikuwa hazifanyi kazi zinaanza kufanya tena. Usilifanye hili peke yako wala katikati ya oda kubwa, pangeni na daktari, chagueni wiki, mume ajue, jirani ajue. Kama kuna tramado ndani yake basi hiyo haikatwi ghafla, inashushwa polepole.

Wakati huohuo unaanzishiwa dawa ya kuzuia, na hii ndo kitu watu wengi huku kwetu hawajawahi kuambiwa kwamba ipo. Ni dawa ya kumeza kila siku, kichwa kiwe kinauma au hakiumi, ili mashambulio yapungue. Amitriptilini kwa dozi ndogo usiku, mara nyingi tunaanza na miligramu 10 na kupanda taratibu, ni ya bei nafuu na inasaidia na usingizi, ingawa inakausha mdomo na asubuhi za mwanzo utaamka mzito. Propranolo nayo ni nzuri, ila siyo kwa mwenye pumu. Zipo topirameti na valproeti, lakini kwa mwanamke anayeweza kushika mimba hizo zina madhara kwa mtoto tumboni, kwa hiyo daktari asikuandikie bila kukuuliza mpango wako wa uzazi. Yoyote ile, ipe wiki sita mpaka nane kabla ya kusema imeshindwa. Na tafadhali, daktari ajue kuhusu ule usiku, kwa sababu amitriptilini nyingi kwa mpigo ni hatari kwa moyo, atakupa chache chache na mume wako ndo atazitunza. Jingine, kama kabla ya kichwa huwa unaona vimuli au mistari ya kumetameta na unatumia vidonge vya majira, mwambie mhudumu wa uzazi wa mpango, huenda ukahitaji njia nyingine maana hivyo viwili pamoja vinaongeza hatari ya kiharusi.

Kuhusu malaria, kupima ulifanya vizuri, huku kwetu bado ipo sana na ukiwa na homa usiache kupima. Ila kipimo kikisema huna, huna, usimeze dawa ya mseto kwa kubahatisha. Na kuhusu mtaalamu wa Newala, mama mkwe wako alikupenda, alikupeleka anakojua yeye, sitaki mgombane. Kama dua na kuombewa kunakutuliza endelea, utulivu ni dawa pia. Ninachokataa ni wembe. Chale haifiki kwenye huo mshipa niliokueleza, na wembe uliopita kwa watu wengine unabeba homa ya ini na virusi vya ukimwi. Kama hujapima tangu uchanjwe, siku unayoenda hospitali pima na hivyo.

Haya, zile siku kumi.

Mtu aliyeumizwa mara nyingi anajifunza kujikagua. Unaamka, kabla hujafungua macho unauliza kichwani kukoje. Ukisikia shingo imekaza kidogo moyo unaenda mbio, na moyo kwenda mbio ni jani lingine linalotikisika, mlinzi kashaamka. Alafu unaanza kukata vitu: shughuli hapana kwa sababu ya spika, kikoba hapana kwa sababu ya kelele, sokoni hapana kwa sababu ya jua na yule mama. Kila unachokata kinakupa nafuu siku hiyo, lakini mwezi ukiisha ubongo umejifunza kwamba dunia yote ni hatari isipokuwa chumba chenye pazia. Wewe umebaki na kichwa tu cha kufikiria. Huko ndiko huzuni inakozalia.

Kurudi hakuhitaji ushujaa, kunahitaji udogo. Anza na kikoba kwa sababu pale mnakaa chini ya mti na hakuna spika. Nenda nusu saa, kaa pembeni, mwambie mmoja tu kwamba ukinyanyuka asikuulize. Ondoka ukiwa bado mzima, hii ni muhimu, usisubiri kichwa kikufukuze, kwa sababu ubongo unakumbuka mwisho ulikuwaje. Wiki ijayo saa nzima. Ngoma na shughuli za usiku ziache mpaka dawa ya kuzuia ishike. Na siku ambayo ulienda na kichwa kikauma, kingeuma hata kama ungelala ndani, hilo jikumbushe kwa sauti.

Kuna na zoezi la pumzi ambalo watu wanalidharau kwa sababu ni la bure, ila kwenye kipandauso kupumzisha mwili kwa mpangilio ni miongoni mwa vitu visivyo dawa vilivyofanyiwa utafiti mwingi na kuonekana vinasaidia. Kaa kwenye mkeka, vuta pumzi kwa tumbo ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, huku unakaza ngumi kisha unaziachia, mabega unayapandisha unayaachia, taya unaibana unaiachia. Dakika kumi, mara mbili kwa siku, na fanya siku nzuri. Ukingoja shambulio ndo uanze utasema haifanyi kazi, ni kama kujifunza kuogelea mtumbwi umeshapinduka.

Ruhusu pia kulia. Nasema hivyo kwa maana kamili. Kuna fundi fulani aliyekuwa anakesha anashona na kucheka, unamkumbuka, na unamlilia kimyakimya kwa sababu watu wanasema hujafiwa. Umepoteza kitu. Kilio hicho kikikataliwa kinageuka hasira kwa mume na aibu kwa mtoto.

Huyo mtoto, ongea naye wiki hii. Watoto wa umri wake wakikosa maelezo wanatunga ya kwao, na mara nyingi wanajiweka wao kama kosa. Mwambie: kichwa cha mama kina ugonjwa unaokuja na kuondoka, siyo wewe umeuleta, mama hafi kwa sababu ya hicho kichwa, na mama akilala kazi yako ni kuniletea kikombe cha maji kisha uende ukacheze. Mtoto akipewa kazi ndogo hofu inapungua, na "ukacheze" ni ruhusa anayoingoja.

Mume naye mpe kazi, lakini usimwombe ukiwa kitandani unaugulia, siku hiyo yeye mwenyewe ana hofu na hofu ya wanaume wengi inatoka kama lawama. Subiri jioni tulivu, umwambie kitu kimoja kinachoshikika, mfano "ukiniona nimefunga pazia, chakula cha mtoto ni chako, na usiniulize kama ni mawazo". Ikiwezekana aende na wewe kliniki. Nimeshaona zaidi ya mara moja mwanaume akisikia daktari anataja jina la ugonjwa, mabega yanashuka, kumbe miaka yote alikuwa anadhani mke hamtaki.

Pa kwenda: anzia Mkomaindo, au Ndanda ambayo kwako ipo barabara hiyohiyo ya kuja Mtwara, na wakiona inafaa watakuelekeza Ligula au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo. Omba vitu viwili kwa majina, matibabu ya kuzuia kipandauso na huduma ya afya ya akili. Ukiomba "dawa ya kichwa" utarudi na panado. Na zipo dalili ambazo hazingoji miadi: kichwa kilicholipuka ghafla na kufikia ukali wake wote ndani ya dakika, tena kwa namna hujawahi kusikia, homa na shingo kukakamaa, mkono au mguu kulegea, kuongea kukigoma, kuona kukipotea, degedege, kichwa baada ya kuanguka au ajali, kichwa kipya kwa mjamzito au mwenye virusi vya ukimwi, au maumivu yanayozidi kila wiki na kukuamsha na kutapika. Hizo ni za kukodi bodaboda saa hiyohiyo.

Mwisho umeuliza uache kushona. Usiache. Fundi asiye na kazi anakuwa na masaa mengi zaidi ya kukisubiri kichwa. Badilisha unavyopokea kazi. Wali wakitoka Disemba utapokea nusu ya nguo ulizopokea mwaka jana, na tarehe utakayompa mteja iwe siku nne mbele ya ile unayodhani utamaliza, hizo nne ni za kichwa, kisipokuja unampigia simu aje mapema na anafurahi. Shona asubuhi kabla jua halijawa kali, kula kwa wakati hata kama ni muhogo wa kuchemsha na chai, maji yawe karibu. Cherehani igeuze dirisha liwe pembeni yako badala ya mbele ya macho, na chini ya miguu yake weka blanketi kuukuu lililokunjwa, mlio unapungua. Na kwenye lile daftari lako la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma chora mwezi mzima, kila jioni weka alama moja tu: kimeuma, hakijauma, nimemeza dawa. Usiandike zaidi ya hapo na usilifungue tena mpaka kesho yake. Siku ya kliniki libebe.